Maswali ya Wasomaji: Vikosi Vitembee Hatua Ngapi?

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zimetoka kwa watu wanaotunga michezo yao wenyewe ya vita ya zamu kwa zamu, ile ambayo mchezaji mmoja husogeza vikosi vyake vyote huku mwenzake akingoja, na karibu zote zinagusa jambo moja, nalo ni mwendo wa vikosi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna hesabu ambayo walioandika barua nyingine pia wataihitaji.

Swali: Ndugu Mhariri, natunga mchezo wa vita unaochezwa kwenye ramani ya pembesita, yaani iliyogawanywa katika nafasi zenye pembe sita. Askari wangu wa miguu wana pointi 3 za mwendo, na wapanda farasi wana 8. Kila kikosi humpiga adui aliye jirani yake tu, na mpanda farasi akishapiga anaruhusiwa kuendelea kutembea kwa pointi zilizosalia. Wapanda farasi wakiwa na 8, hakuna mchezaji anayenunua askari wa miguu. Nikiwashusha hadi 7, hakuna anayewanunua wao, ingawa bei yao nimeiacha vilevile, mara mbili ya bei ya askari wa miguu. Inawezekanaje pointi moja tu ipindue mchezo mzima? Je, niwape saba na nusu?

Jibu: Ndugu msomaji, umeigusa namba yenyewe inayotenganisha michezo miwili tofauti, na ndiyo maana hukuona mabadiliko ya hatua kwa hatua. Tuipige hesabu pamoja.

Mweke askari wa miguu katikati ya uwanda usio na kizuizi. Kwa zamu moja anaweza kutembea nafasi 3 na kumpiga adui aliye nafasi ya nne. Umbali wake wa tishio, yaani umbali wa mbali kabisa anaoweza kufikisha pigo kwa zamu moja, ni 4, na yeyote aliyesimama umbali wa 5 yuko salama. Sasa mlete mpanda farasi wa pointi 8, umsimamishe kwenye umbali huo wa 5. Zamu yake ikifika anatumia pointi 4 kumkaribia askari, anapiga, kisha anatumia 4 zilizosalia kurudi alikotoka. Askari hamfikii. Askari akisonga mbele, anamrahisishia farasi safari ya kwenda, na hivyo kumwachia pointi nyingi zaidi za kurudi. Akikimbia, mpanda farasi anamfuata bila kupiga mpaka umbali uwe 5 tena, na ardhi iliyokuwa ikilindwa imekwisha achwa. Kikosi hicho kinapiga bila kupigwa, na mchezaji mwenye akili timamu hatanunua kingine.

Mshushe sasa hadi 7. Anatumia 4 kwenda, anapiga, anabaki na 3 za kurudi, naye anaishia umbali wa 4, hasa pale ambapo mkono wa askari unafika. Kila pigo analotoa analilipia. Umebaki na kikosi cha bei maradufu kinachopokea kipigo kama vingine vyote, na wachezaji wako wamekiacha kwa haki kabisa. Kanuni inayotokana na hesabu hii ni rahisi: kikosi kinachoweza kupiga na kuondoka humkwepa adui daima kikiwa na pointi sawa na mwendo wa adui ukijumlisha 1, kisha mara mbili. Mwendo wa askari wako ni 3; ongeza 1, zidisha kwa 2, unapata 8. Nusu pointi unayoifikiria haitasaidia chochote, maana kwenye uwanda ambapo kila nafasi hugharimu pointi 1, saba na nusu ni saba.

Ushauri wangu ni kwamba usiendelee kuisumbua namba ya mwendo. Badilisha ruhusa ya kuondoka baada ya kupiga. Katika The Battle for Wesnoth na katika Advance Wars, michezo ya video ya vita ya zamu kwa zamu, kikosi kikishapiga kwa kawaida kimemaliza mwendo wake, kwa hiyo anayekimbilia shambulio hubaki hapo hapo akingoja jibu. Ukiiweka kanuni hiyo, unaweza kuwarudishia wapanda farasi pointi zao 8 bila hofu, na thamani yao itahamia mahali panapopendeza zaidi, yaani katika uwezo wa kuchagua ni wapi na lini vita vianze. Ukitaka kuwaachia ladha kidogo ya kupiga chenga, waruhusu baada ya pigo waondoke kwa pointi 2 tu, hata kama wamebakiwa na zaidi.

Bei nayo uiangalie upya. Wengi hudhani kikosi chenye mwendo mara mbili kina thamani mara mbili, lakini ramani ina upana na urefu, na eneo linalofikika hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Kwenye pembesita zilizo wazi, kikosi cha pointi 3 kinaweza kuchagua nafasi 36 za kumalizia zamu yake. Cha 7 kinachagua 168, na cha 8 kinachagua 216. Wapanda farasi wako wana mwendo usiofika mara tatu ya ule wa askari, ilhali nafasi zao za kuchagua ni mara sita. Sisemi uwauze mara sita ya bei, kwa sababu nafasi nyingi kati ya hizo hazina maana katika zamu yoyote ile, lakini bei maradufu kwa kikosi chenye 8 ilikuwa zawadi.

Kabla hujagusa bei, hata hivyo, tazama ramani. Chukua mfano uleule wa askari na mpanda farasi wa pointi 8, ila safari hii kila nafasi inayomzunguka askari iwe na msitu unaogharimu pointi 2 kwa farasi. Mpanda farasi anatumia 3 kufika ukingoni mwa msitu, 2 kuingia, anapiga, anabaki na 3, anarudi hadi umbali wa 4, na amenaswa. Kichaka cha nafasi 6 kimefanya kazi ileile uliyoifanya kwa kupunguza pointi moja kwenye ramani nzima, tena kimempa mchezaji sababu ya kupigania kichaka. Wesnoth hutumia njia hii kwa ukali: mpanda farasi wa kawaida ana pointi 8, lakini kila nafasi ya msitu humla 3, na milima mirefu haipandi kabisa, wakati askari elfi mwenye pointi 5 hupita msituni kwa pointi 1 kama anayetembea uwandani. Katika Advance Wars gari la upelelezi lina 8 na askari wa miguu ana 3, lakini magurudumu hulipa pointi 2 hata kwenye uwanda na 3 msituni, kwa hiyo nje ya barabara ile 8 ya kwenye karatasi si 8 hata kidogo.

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila duru ya majaribio. Anza na ruhusa ya kuondoka, kisha misitu, na bei iwe ya mwisho.

Swali: Ndugu Mhariri, katika mchezo wangu kikosi kinachoingia nafasi iliyo jirani na adui lazima kisimame hapo hapo. Kabla ya kanuni hiyo, wachezaji walikuwa wakipenya katikati ya safu ya walinzi na kumvamia kamanda aliye nyuma. Sasa hakuna anayepenya kabisa. Mistari miwili inatazamana mpaka mtu achoke. Ramani yangu ina upana wa nafasi 12 na kila upande una vikosi 6. Je, kanuni hii niiondoe?

Jibu: Tafadhali usiiondoe. Katika mchezo wa zamu kwa zamu, mmoja anapotembea mwingine amegandishwa. Mlinzi halisi akimwona adui akipita hatua mbili pembeni yake angemkimbilia kumziba. Mlinzi wa kwenye ramani hawezi, kwa sababu si zamu yake. Eneo la udhibiti, yaani nafasi zinazokizunguka kikosi ambamo adui hawezi kupita huru, humrudishia mlinzi kile ambacho zamu imemnyang'anya.

Sataranji ilikutana na tatizo hilohilo zamani sana. Askari wake alikuwa akienda hatua moja moja. Ili mchezo uanze kwa haraka, akaruhusiwa hatua mbili katika mwendo wake wa kwanza, na papo hapo likazuka pengo: angeweza kuiruka nafasi iliyokuwa ikilindwa na askari wa adui aliye jirani, akapita bila kuguswa. Ndipo ikaja kanuni ya kumkamata akiwa anapita, kana kwamba alisogea hatua moja tu, na kanuni hiyo ipo hadi leo. Mwendo uliongezwa, na udhibiti ukalazimika kufuata.

Kwa hiyo tatizo lako naliona katika upana wa ramani. Kikosi chenye eneo la udhibiti hushika nafasi yake na moja kila upande, jumla 3. Kwenye upana wa 12, vikosi 4 vinafunga mlango wote, na bado mlinzi ana 2 vya akiba vya kuziba palipotoboka. Mshambuliaji hana pa kuanzia. Panua ramani hadi 20: sasa vikosi vyote 6 vinashika 18 tu, hakuna akiba, na mlinzi lazima aamue pengo aliache upande gani. Uamuzi huo ndio mchezo. Kama huwezi kupanua ramani, punguza vikosi au weka ziwa na jabali vinavyokata mstari vipande vipande.

Njia nyingine ni kutowapa wote udhibiti sawa. Katika Wesnoth vikosi vya daraja la sifuri, kama wakulima wasio na mafunzo, havina eneo la udhibiti kabisa, na vipo vikosi vichache vyenye kipaji cha kupenya maeneo ya adui bila kusimamishwa. Ningependa ujaribu kikosi kimoja cha aina hiyo, chepesi, dhaifu kinapoguswa, na cha bei ya kutosha kumfanya mchezaji asinunue zaidi ya kimoja au viwili. Mlinzi akijua kwamba kipo, atalazimika kumwachia kamanda wake mlinzi mmoja, na mstari wa mbele utapungua kikosi kimoja bila wewe kuandika kanuni mpya juu yake.

Kuna watungaji wanaopendelea kwamba eneo la udhibiti lisisimamishe bali litoze pointi 1 au 2 za ziada. Ni kanuni nzuri mahali ambapo tofauti za mwendo ni ndogo. Wewe ukiwa na vikosi vya kasi sana, watalipa ada hiyo na kupita, nawe utarudi kwenye malalamiko ya kamanda kuvamiwa.

Swali: Nitumie miraba au pembesita? Wenzangu wanasema miraba ni rahisi kuchora.

Jibu: Ni kweli ni rahisi, lakini ujue unanunua nini. Kwenye miraba, hatua ya mshazari inavuka umbali wa karibu 1.41 ya hatua ya kawaida. Ukiitoza pointi 1, anayetembea kwa mshazari anapata kasi ya bure, na kikosi cha pointi 3 kinafikia nafasi 48. Ukiikataza, kikosi hichohicho kinafikia 24 tu, na kusogea kwenye kona kunakuwa mateso. Pembesita huleta 36, na majirani wote 6 wako umbali mmoja. Charles S. Roberts, aliyeasisi kampuni ya Avalon Hill, alitumia miraba katika michezo yake ya vita ya miaka ya 1950, na pembesita zikaingia katika michezo ya kampuni hiyo mwaka 1961 na kuenea. Ukibaki na miraba, toza mshazari wa kwanza pointi 1 na wa pili pointi 2, kwa kupokezana. Inakaribia ukweli vya kutosha. Lakini kwa mchezo wa mezani usio na kompyuta ya kuhesabu, wachezaji watasahau walifikia mshazari wa ngapi, na hapo ningechagua pembesita bila kusita.

Swali: Kikosi changu kina pointi 2. Kimetembea uwandani kwa 1, kimebakiwa na 1, na mbele yake kuna kilima kinachogharimu 2. Je, kiingie au kisimame? Tumebishana sana.

Jibu: Majibu yote mawili yametumika katika mfululizo mmoja wa michezo. Katika Civilization V ya mwaka 2010, pointi yoyote iliyobaki ilitosha kuingia, na kikosi kilimaliza zamu yake juu ya kilima. Katika Civilization VI ya mwaka 2016, kikosi lazima kiwe na gharama kamili, isipokuwa kikiwa hakijatumia hata pointi moja, ambapo kinaruhusiwa angalau hatua moja. Kwa kanuni ya kwanza kikosi chako kinapanda leo. Kwa ya pili kinalala chini ya kilima na kupanda zamu ijayo.

Tofauti hiyo si ndogo. Kanuni ya kwanza humpendelea mshambuliaji na humfundisha mchezaji kupanga njia ili hatua ngumu iwe ya mwisho, ujanja unaofanya kilima kimgharimu kama uwanda. Kanuni ya pili huipa ardhi ngumu uzito wake wote, humpa mlinzi wa kilimani zamu moja zaidi ya kujiandaa, na huufanya mchezo wote uende polepole, hasa kwa vikosi vya pointi 2 ambavyo hubaki na salio lisilo na kazi. Mimi napendelea ya pili, kwa sharti kwamba vikosi vyako viwe na pointi 4 au zaidi, ili salio la pointi 1 lisiwe nusu ya mwendo mzima. Kwa vikosi vyako vya pointi 2, chagua ya kwanza, au zidisha mwendo wote na gharama zote kwa mbili kisha urekebishe gharama moja moja kutoka hapo. Lolote utakalochagua, chora kwenye skrini nafasi zote zinazofikika kabla mchezaji hajabonyeza. Algoritimu ya Dijkstra, yaani hesabu ya kompyuta ya kutafuta njia yenye gharama ndogo kabisa, iliyochapishwa mwaka 1959, inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na ubishi wenu utaisha.

Swali: Rafiki yangu anasisitiza kwamba mwendo ufuate uhalisia, yaani farasi aende kama farasi. Mimi nataka usawa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Inategemea mchezo ni wa nini. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa kufundishia maafisa ambamo kila zamu iliwakilisha dakika 2, na kikosi kilisogea kwenye ramani umbali ambao kikosi halisi kingeweza kwenda kwa muda huo. Namba zake zilitoka kwenye saa na ardhi, kwa sababu mwanafunzi alipaswa kuondoka na makadirio atakayoyatumia vitani. Mchezo wako haufundishi maafisa. Utunze mpangilio, farasi awe mbele ya mtu na mtu awe mbele ya mzinga unaokokotwa, maana mchezaji huja akiwa na matarajio hayo na si vizuri kumvuruga. Uwiano kamili unaweza kuubana kadiri ramani inavyotaka.

Swali: Ndugu Mhariri, anayeanza hushinda mara nyingi mno katika mchezo wangu. Vikosi vyote vina umbali wa tishio wa 5, na pande mbili zinaanza umbali wa 8. Nimejaribu kuzitenga hadi umbali wa 30, sasa hakuna anayetaka kusogea.

Jibu: Katika umbali wa 8, anayeanza anasogea nafasi 2 tu na kusimama umbali wa 6, nje kidogo ya mkono wa mwenzake. Wa pili sasa ana mambo mawili ya kuchagua: asonge mbele aingie ndani ya tishio, apigwe kwanza, au arudi nyuma na kuachia ardhi. Mkao mzuri ulishachukuliwa kabla hajagusa kikosi. Katika umbali wa 30 wote wawili wana nafasi ya kufikiri, wote wanafikia hitimisho hilohilo, kwamba anayeingia tishioni kwanza ndiye anayeumia, na wote wanakaa. Ni tatizo moja katika sura mbili.

Kinachomfanya mtu aingie mahali pa hatari ni faida iliyopo huko. Weka katikati ya ramani vitu vinavyolipa kila zamu: katika Wesnoth vijiji huleta dhahabu na kuponya majeruhi, kwa hiyo anayekaa nyuma kwa usalama anafilisika polepole. Kisha tenganisha pande mbili kwa umbali unaowezesha kila mmoja kufikia vijiji vyake vya karibu katika zamu ya pili au ya tatu, na vile vya katikati viweze kufikiwa na wote wawili katika zamu ileile.

Faida ya kuanza itakayosalia baada ya hapo uifidie waziwazi. Katika mashindano ya Advance Wars ni desturi kwamba anayecheza wa pili huanza akiwa na kikosi kimoja cha askari wa miguu uwanjani. Unaweza pia kumpa anayeanza nusu ya pointi za mwendo katika zamu ya kwanza pekee. Cheza mechi mara mbili kwa watu walewale wakibadilishana nafasi, na katika kila mechi andika nani aliyekuwa wa kwanza kuingia ndani ya umbali wa 5 na alikuwa akifuata nini. Ukiona mara nyingi aliingia kwa kukosa pa kwenda, ongeza umbali wa kuanzia kwa nafasi mbili mbili; ukiona aliingia akifuata kijiji, umbali umekaa vizuri, na kilichobaki ni kurekebisha fidia ya mchezaji wa pili.